Prof wa Mashine Ndogo

Mara ya kwanza Prof alipoingia ofisini kwangu hakunisalimu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akainamisha kichwa na kusikiliza. Nilidhani ni mgonjwa aliyekosea mlango, maana ofisi ya mafishi, yale makaratasi ya wagonjwa, iko karibu na maternité, chumba cha kujifungulia, na kila mtu huanzia kwangu. Kumbe alikuwa anasikiliza kompyuta yangu, lile sanduku kubwa jeusi lililonguruma chini ya meza tangu asubuhi.

"Hii mashine iko na asthme," alisema. Ndipo adabu ikamrudia. "Bonjour, maman."

Kituo chetu cha afya ni kidogo, kiko mteremkoni upande wa Mumosho, na mimi ndiye ninayetunza fishi za wagonjwa. Prof alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Bukavu. Saa za baada ya masomo alizitumia kutengeneza kompyuta. Daktari wetu alikuwa amesoma kwake, na ndiye aliyemwita. Tangu siku ile Prof aliniita Maman Fiche, nami nikamwita Prof kama mji mzima ulivyomwita. Jina lake nilikuja kulisoma baadaye sana, kwenye karatasi ya hospitali.

Alilifungua sanduku lile kwa kisu cha mezani. Ndani mlikuwa na vumbi lililoshikana kama blanketi, na mende wawili waliotazama mwanga bila haraka. Prof aliitazama ile pangaboi ya kupozea joto, akatikisa kichwa.

"Munashangaa frigo ya vaccins inazimika," alimwambia daktari. "Hii ndiyo inamaliza betri zenu. Inakunywa courant sawa nyumba nzima, juu ya kuandika tu jina ya mutu."

Wiki iliyofuata alirudi na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Ndani ya kitenge mlikuwa na mfuko wa rangi ya fedha, na ndani ya mfuko carte mère, ule ubao ambao viungo vyote vya kompyuta hukutania. Nilikuwa nimeuona wa sanduku la zamani, mpana kama sinia. Huu Prof aliufunika wote kwa kiganja, vidole vikapita ukingoni kidogo tu.

"Dix-sept kwa dix-sept," alisema, maana yake sentimita kumi na saba kila upande. "Angalia. Ubongo yake iko hapa, imechomelewa. Haina pangaboi, hii chuma yenye meno ndiyo inatoa joto. Hakuna kelele, hakuna kuvuta vumbi. Inakunywa volti douze, kumi na mbili tu, moja kwa moja kutoka betri ya paneli. Écran ya kuonea hapa, clavier ya kuandikia hapa, na midomo mbili ya réseau, ya kuunganisha mashine: moja ya kwako, moja ya daktari. Iko kadogo, lakini iko kamili."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema juu ya vitu vingi. Aliyasema juu ya mke wake, ambaye alimfika kifuani. Aliyasema juu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati chumba cha jirani, siku muuguzi alipompitisha mbele yetu ndani ya pamba. Prof alivua kofia, akamchungulia kwa makini yale yale aliyochungulia nayo carte mère. Mama wa mtoto, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akacheka.

Alikuwa na desturi zake. Kabla ya kugusa ubao wowote alishika nondo za dirisha, ili umeme wa mwilini uishie kwenye chuma badala ya kuua mashine. Alilazimisha kila aliyekuwa chumbani afanye hivyo. Siku moja walikuja wageni wa mradi, wenye magari meupe, na mkubwa wao akanyoosha kidole kuonyesha kitu ndani ya mashine. Prof alimshika mkono hewani. "Chuma kwanza, patron." Mgeni yule, na tai yake, akaenda dirishani akashika nondo kama mfungwa. Daktari alitoka nje ili acheke vizuri.

Mashine zake hazikuwa na sauti, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kelele. Redio yake haikuzimwa. Akichomelea aliimba nyimbo za misa, na akikosea alitukana kwa Mashi, lugha ya kwao, maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, aliyeoa Mwislamu wa Uvira, binti wa familia ya wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani. Mama Zaina, mkewe huyo, alisema Kiswahili kilichonyooka, nasi wa Bukavu tulipoongea mbele yake tulijisikia kama tumevaa viatu vya miguu tofauti. Nyumbani kwao Kadutu, mtaa wa mjini, walifunga Ramadhani na Kwaresima, na Prof alidai kwamba katika ndoa yao hajawahi kushiba. Ndugu yake Mama Zaina ndiye aliyemletea zile carte mère, akizificha katikati ya majora ya vitenge kutoka Dar es Salaam. Ndiyo maana mashine zetu zilipowasili zilinukia udi.

Nimesema alikuwa mtu wa kelele. Lakini kulikuwa na jambo moja alilonyamazia.

Kituo chetu kiliwapokea wanawake waliofanyiwa ukatili na watu wenye silaha. Walitoka Walungu, Miti, na vijiji ambavyo sikuwahi kuvisikia kabla ya kuviandika. Fishi zao zilikuwa na kila kitu: jina, kijiji, alichotendewa, daktari alichoona siku ile, na nakala ya cheti ambacho mahakama ingekitaka kama siku moja mahakama ingekaa. Prof alipoambiwa kwamba fishi hizo zitaingia kwenye mashine, aliweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Hizi nazifunga," alisema.

Alinieleza taratibu, kama anavyoeleza darasani. Ndani ya carte mère mna kachombo kamoja, kadogo kuliko punje ya mchele, kanakoshika siri. Disque, kifaa kinachotunza mafishi yote, ingefunguliwa na kachombo kale, kila asubuhi, bila mimi kufanya lolote. Mtu akiiba disque akaiweka kwenye mashine nyingine, atapata jiwe.

"Na kama carte mère inakufa?" niliuliza.

"Kuko maneno. Maneno saba. Unayaandika ku clavier, disque inafunguka fasi yoyote, ku mashine yoyote."

"Yako wapi?"

Aligusa paji la uso wake.

Nilimwambia ayaandike mahali. Akakataa. Ndipo akanisimulia, mara moja tu katika miaka yote niliyomjua, kwamba aliwahi kutengeneza mashine ya ofisi moja, mahali asipopataja, na ndani mlikuwa na orodha ya wanawake kama wetu. Haikufungwa. Watu walikuja wakaibeba, wakaiwasha, wakasoma.

"Balienda nyumba kwa nyumba," alisema. Kisha akaomba chai.

Mtu huyo huyo aliwafundisha wanafunzi wake kwamba elimu isiyogawanywa ni wizi. Daftari zake za fizikia zilizunguka shule zote za mji, zikirudi na majina ya watu wengine juu ya jalada, naye hakujali. Lakini maneno saba hakumpa mtu, hata mke wake. Alikuwa na nakala ya pili ya mafishi, ndiyo, kwenye disque nyingine nyumbani kwake. Ilifungwa kwa maneno yale yale.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Wiki ile bunduki zilipokuwa zikikaribia kutoka upande wa Kavumu, barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Daktari alitukusanya uani. Alisema mashine imefungwa, Prof amehakikisha, lakini makaratasi hayana kufuli. Tuyachome. Nilifanya kazi hiyo mimi mwenyewe, nyuma ya jiko, siku mbili. Nilikuwa nasoma jina kabla ya kutia kila fishi motoni. Sijui kwa nini nilisoma. Labda niliona ni adabu.

Siku ya pili Prof alikuja kwa miguu kutoka mjini, viatu vyekundu kwa udongo. Alinikuta na moshi machoni. Alikaa juu ya jerikani lililolala, akasubiri nimalize fungu nililoshika.

"Maman Fiche, leo nikuambie yale maneno."

Nilikuwa nimeyaomba kwa miaka. Na siku ile nilirudi nyuma kana kwamba alitaka kunimwagia maji ya moto.

"Apana, Prof. Usiniambie."

"Mutu mumoja tu haitoshi. Nimewaza."

"Bakinikamata nitasema. Niko na batoto. Bakimushika mutoto moja tu mbele yangu, nitasema yote saba, na ya nane nitatunga. Usinipe."

Alinitazama. Nilitegemea abishane, maana Prof alibishana hata na redio. Lakini aliitikia kwa kichwa polepole.

"Uko na haki," alisema. "Tutaona kisha."

Niliona uso wake umepata nafuu, na wangu pia. Tulikuwa watu wawili waliotua mzigo bila kuangalia umetua wapi. Alinisaidia kuchoma mafishi yaliyobaki, akashuka kurudi mjini.

Mji ulipata wenyewe wapya. Mabenki yakafunga milango, daktari wetu akavuka mpaka na hatukupata habari zake tena. Watu wenye silaha walikuja kituoni mara moja. Waliingia ofisini kwangu wakatafuta kompyuta. Waliona skrini, wakaibeba; baadaye niliazima nyingine ndogo. Kale kasanduku kadogo kenye carte mère, kalikofungwa kwa skrubu nyuma ya kabati la dawa, hawakukatambua kuwa ni kompyuta. Mmoja alitundika kofia yake juu ya kasanduku hako alipokuwa akipekua.

Nilimpa Prof habari hiyo kwa simu, na alicheka mpaka nikasikia Mama Zaina akimuuliza kulikoni. Ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza naye kama watu wanavyozungumza.

Mwezi uliofuata, shule zilipofunguliwa, alianguka darasani. Wanafunzi walisema alikuwa anaandika ubaoni, chaki ikadondoka, akainama kuiokota kwa mkono usiotii. Ilikuwa AVC, kiharusi cha damu kichwani. Aliishi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakamtoka yote isipokuwa machache. Nilikwenda kumwona hospitalini, akanishika kidole kama mtoto mchanga. Nililia kwa ajili yake tu. Maneno saba hayakunijia akilini hata kidogo. Asubuhi iliyofuata mashine iliwaka yenyewe kama kila siku, kimya, nami nikaandika jina la mgonjwa wa kwanza.

Ilikuwa hivyo kwa miezi. Kisha masika yakaleta radi. Ilipiga nguzo ya paneli mchana, watu wakiwa kwenye foleni, na nilisikia mlio mdogo nyuma ya kabati, kama mtu aliyevunja njugu kwa meno. Harufu ikafuata.

Nilimwita fundi mmoja wa mjini, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na Prof. Alikuja na carte mère ya akiba ambayo Prof mwenyewe alikuwa ameiweka nyumbani: aina moja, ukubwa mmoja, pacha kabisa wa ile iliyoungua. Nilipoiona nilimshukuru Mungu kwa sauti. Fundi alitoa disque, nzima, haina hata alama ya moshi, akaiunganisha na pacha yule. Skrini ikawaka nyeusi na mstari mmoja mweupe. Iliomba maneno.

"Hii ingine haijue siri ya ndugu yake," fundi alisema. "Munayo maneno?"

"Haiwezi kutengenezwa ile ya kwanza? Hata kidogo?"

Aliigeuza mkononi. "Ku hizi ndogo kila kitu imechomelewa fasi moja, maman. Ikiungua, imeungua yote."

Jumatatu alikuja mama mmoja wa Walungu. Nilimfahamu kabla hajafungua mdomo, maana alikuwa na kovu kwenye nyusi na tabia ya kukaa ukingoni mwa benchi. Mtu aliyemtendea alikuwa amekamatwa, alisema, na wakili anataka cheti cha daktari cha siku ile. Cheti chake mwenyewe kiliungua pamoja na nyumba.

"Lakini weye uko na copie," aliniambia. "Uliniambia siku ile, hata nikipoteza, yangu iko hapa."

Ni kweli, nilimwambia. Ninawaambia wote.

Nilikumbuka jina lake, kijiji, hata kitenge alichovaa siku ile. Nikamwambia naweza kuandika ninachokumbuka. Akauliza kama kumbukumbu yangu ina muhuri wa daktari. Hakuuliza kwa ubaya. Nilimwomba arudi Jumatatu nyingine.

Jumamosi ya katikati nilipanda ngazi za Kadutu na mashine ndani ya mkoba wangu wa sokoni: carte mère pacha, disque, clavier, na ile skrini ndogo ya kuazima. Prof angependa kuona jinsi vyote vilivyoenea. Mama Zaina alinifungulia, akaniangalia mkoba, akaelewa.

"Kwa hiyo umekuja na wewe," alisema. "Fundi naye alikuwa hapa juzi, akimwuliza hayo maneno. Mwenzangu hakulala."

"Nirudi, dada?"

Alifikiri. "Ingia. Usipoingia ndiyo hatalala kabisa."

Prof alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa uani, amenyolewa vizuri, shati limefungwa mpaka shingoni. Aliponiona uso wake ulifunguka upande mmoja.

"Mayai!" alisema kwa furaha.

Neno hilo ndilo lililobaki mbele ya kinywa chake. Alilitumia kwa salamu, kwa maji, kwa maumivu. Mama Zaina alisema mwanzoni alimpikia mayai, siku tatu mfululizo, mpaka alipoyatupa chini akalia.

Tuliunganisha mashine na betri ya nyumba yao. Ikawaka bila sauti, ikaomba. Prof aliutazama ule mstari mweupe, na nikaona kwamba anajua. Maneno yalikuwa yamo. Alifumba macho, midomo ikaanza kutembea, kidole cha mkono wa kushoto kikahesabu juu ya goti: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Alihesabu saba bila kukosea. Kisha akafungua macho na kusema, kwa uhakika wa mwalimu:

"Mayai. Mayai ku... mayai."

Alisikia alichosema. Akapiga mkono wa kiti.

Mama Zaina alikumbuka kwamba nyimbo bado anaziimba. Nikaanzisha wimbo wa misa, Mama Zaina, Mwislamu, akanisindikiza kwa kiitikio, na Prof aliimba ubeti mzima, kila neno mahali pake, sauti ile ile ya kuchomelea. Nilisogeza clavier haraka. "Sasa maneno saba, Prof, kwa sauti hiyo hiyo." Alivuta pumzi, akaimba ubeti ule ule. Akaurudia. Maneno ya wimbo yalimjia kama maji, na ya kwake hayakuwa ndani ya wimbo wowote.

Tukampa kalamu, mkono wa kushoto. Alichora mistari. Tukampa clavier. Alibonyeza herufi moja moja, ulimi nje kama mwanafunzi, na kila alipomaliza alinitazama na kusema "Ndiyo!" Nami nilibonyeza kuthibitisha. Mashine ilikataa. Akajaribu tena, herufi nyingine kabisa. "Ndiyo!" Ikakataa. Mara ya tano jasho lilikuwa limelowesha ukosi wake, na Mama Zaina alikuwa amesimama nyuma yake na mikono juu ya mabega yake.

"Basi, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Basi sasa."

Lakini Prof hakutaka kuacha. Machozi yalimshuka upande mmoja tu, ule uliobaki hai, na kidole kikarudi kwenye herufi. Alibonyeza kwa muda mrefu, taratibu. Kisha akaniachia clavier, akarudi nyuma kitini, akaningoja.

Niligeuza skrini kunielekea. Nikabonyeza. Ule mstari mweupe ukafutika, ukarudi, ukaomba.

"Imefunguka," nilisema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Mama Zaina aliweka mkono mdomoni. Prof hakucheka wala hakushangilia. Alinisogelea kwa uso wake uliopinda, akatafuta kitu mdomoni mwake, mbali, na nikaona shingo yake ikikaza kwa kazi hiyo.

"Bote?" akauliza.

Lilikuwa neno safi kabisa: wanawake wote. Nililisikia, Mama Zaina alilisikia.

"Bote, Prof," nilimwambia. "Beko ndani bote. Hakuna hata mumoja amepotea."

Aliendelea kunitazama. Sijui hata leo kama aliniamini, au kama aliona aibu yangu na kuionea huruma. Kisha bega lake lilishuka, akafumba macho, na nikanyoosha mkono kuchomoa waya wa betri kabla hajaomba kuona majina.